Alama Tano za Upepo

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaulizwa. Na wewe msomaji ukiona inafanana na nchi unayoijua, hilo ni tatizo la macho yako, nenda ukapimwe. Usiniletee balaa, nina watoto wanaosoma.

Inaitwa Jamhuri ya Tangulia. Wimbo wake wa taifa una neno moja tu, "Mbele", linaloimbwa mara arobaini na nane watu wakiwa wamesimama. Serikali yetu iligundua zamani kwamba umaskini, maradhi na ujinga vyote vinatoka nyuma, ikatunga Sheria ya Mwelekeo, na kifungu cha nne kinasema wazi kabisa: hakuna mtu wala kitu cha taifa kitakachokwenda nyuma au kupelekwa nyuma. Magari ya serikali yakang'olewa gia ya kurudi nyuma. Siku moja msafara wa Waziri wa Mwelekeo uliingia kwa bahati mbaya kwenye uchochoro usio na njia ya kutokea, ikabidi ivunjwe nyumba ya mjane mmoja, sebule kwanza kisha jiko, ili Mheshimiwa aendelee na safari. Mjane alipewa cheti cha kuchangia maendeleo. Sisi raia wa kawaida tumezoea. Ukisahau mwavuli nyumbani, hugeuki barabarani kama mhuni; unazunguka mtaa mzima mpaka utokee upya mlangoni kwako. Tuna miguu mizuri sana.

Katika nchi hiyo kuna timu ya taifa ya raga inayoitwa Nyumbu, na mimi ndiye Katibu wa Chama cha Wapenzi wa Nyumbu. Chama kina wanachama tisa. Tulikuwa kumi na mmoja, mmoja akafariki, mwingine akaanza kupenda timu inayoshinda, na wote wawili tuliwaombea. Kazi yangu ya kuniletea ugali ni kupiga chapa mahakamani.

* * *

Asiyeujua mchezo wa raga nimweleze kidogo. Watu kumi na watano wanagombea mpira wenye umbo la papai na watu wengine kumi na watano. Ukiupata unakimbia nao, na wale wengine wanakuangusha. Ukifanikiwa kuubandika chini ng'ambo ya mstari wao, hiyo inaitwa trai, na unapata alama tano. Sasa, sheria mama ya mchezo huu ni kwamba ukitaka kumrushia mwenzako mpira kwa mkono, lazima umrushie aliye nyuma yako. Ukirusha mbele, refa anapuliza filimbi na adui anapewa nafasi.

Naona umeshaanza kucheka. Sisi hatukucheka.

Miaka mingi tulicheza bila shida, kwa kuwa hakuna kiongozi aliyewahi kukanyaga uwanjani. Tulikuwa tunafungwa, ndiyo, lakini kwa heshima: ishirini kwa kumi na mbili, thelathini kwa kumi na saba. Balaa lilianza siku Waziri wa Mwelekeo, Mheshimiwa Profesa Injinia Kasongoro, alipokuja kuzindua vyoo vya uwanja. Baada ya kukata utepe na kukitumia cha kwanza kwa niaba ya wananchi, aliketi kutazama mechi. Dakika ya tatu akasimama, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Yule kijana anarusha wapi?" akauliza.

"Nyuma, Mheshimiwa," akajibu msaidizi wake.

"Hadharani hivi?"

Jumatatu likatoka tangazo kwamba Nyumbu watarushiana mbele tu. Waziri alifafanua redioni kuwa mataifa yanayorusha mpira nyuma ndiyo hayo hayo yanayotuonea wivu. Kuanzia hapo tukawa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi akaja kujifunzia kunyoa. Sitini na nne kwa sifuri. Themanini na moja kwa sifuri. Kila tukirusha, filimbi. Mheshimiwa akaeleza kuwa refa anapopuliza filimbi huwa anatupongeza, na kwamba katika mechi moja tulipongezwa mara mia moja na kumi na tatu, idadi ambayo haijafikiwa na taifa lolote. Misimu sita ikapita hatujapata hata alama moja.

Watu hutuuliza kwa nini hatukuacha. Mimi niliacha, tena mara nyingi. Niliacha kila Jumamosi jioni, nikaapa kwa jina la marehemu baba, na Jumamosi iliyofuata nikajikuta niko jukwaani na kibendera changu. Mapenzi hayana adabu. Lakini Bi Mwamvita Lupogo hakuwahi kuacha, hata kwa mdomo.

Bi Mwamvita ni fundi cherehani wa Mtaa wa Bomba, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye sauti ya kusimamisha lori. Yeye ndiye aliyekuwa akishona jezi za Nyumbu baada ya kila mechi, maana Wizara ilitoa jezi mara moja tu, nazo zilikuwa za kuogelea. Anamjua kila mchezaji kwa pale anapochanika. Anzuruni, nahodha, huchanika ubavuni kwa sababu hukwepa. Gervasi mwenye mbio huchanika mgongoni, maana huvutwa akiwa anakimbia. Na Bakalemwa, lile jitu la mstari wa mbele lenye kilo mia na thelathini na sauti ya mtoto, huchanika mabegani kwa kusukuma.

"Sijawahi kupewa jezi iliyochanika kwa kukaa," Bi Mwamvita alikuwa akituambia. "Vijana wanafanya kazi. Semeni mengine."

* * *

Mechi yenyewe ilichezwa kwenye Sikukuu ya Hatua ya Kwanza, dhidi ya jirani zetu wa Jamhuri ya Pembeni. Mheshimiwa Rais alikuwepo, amekalia kiti kisicho na mgongo, na Waziri Kasongoro kando yake akimtafsiria filimbi. Kufikia dakika ya sitini na tatu tulikuwa tumeshafungwa hamsini na nane kwa sifuri.

Anzuruni akaupata mpira katikati ya uwanja. Mbele yake palikuwa na Wapembeni wanne, wamejipanga wanamsubiri kwa utulivu, kama watu wanaosubiri chai. Wote tulijua kitakachotokea. Angerusha mbele, refa angepuliza, Waziri angepiga meza. Anzuruni mwenyewe alishainua mikono. Hapo ndipo Bi Mwamvita aliposimama.

"Nyuma, Anzuruni! Rusha nyuma, mwanangu! Gervasi yuko nyuma yako!"

Mikono ya Anzuruni ilimtii mama kabla kichwa chake hakijaikumbuka sheria. Mpira ukaenda nyuma. Gervasi akaudaka akiwa mbioni, akawapita wale wanne, akala mita thelathini pembeni mwa uwanja. Wawili wakamvamia. Akiwa anaanguka, bila kutazama, akaurusha nyuma tena, na Bakalemwa, ambaye mpaka leo hawezi kueleza alifuata nini kule, akaukumbatia. Bakalemwa alikimbia kama kabati linalotelemka ngazi. Wapembeni watatu walimning'inia, akavuka nao mstari, akaulalia mpira, akakataa kuamka akihofia anaota.

Trai. Hamsini na nane kwa tano. Nililia, na sioni aibu kusema.

Uwanja ulikuwa kimya, kila mtu akitafuta pa kutazama. Kisha Rais akapiga makofi. Alipiga nane, kamera zote zikimmulika, na watu elfu thelathini wakalipuka pamoja naye. Waziri akamnong'oneza. Rais akaitia mikono mifukoni, uwanja ukanyamaza, na askari sita wakapanda kwenye jukwaa letu.

"Nani aliyetamka lile neno?"

Sisi wanachama wengine wanane, na mimi Katibu nikiwa wa kwanza, tulitazama mbele kama sheria inavyoagiza.

"Ni mimi," akasema Bi Mwamvita. "Kama hamkusikia vizuri, nitamke tena?"

* * *

Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwa herufi nene: UPEPO WA TAIFA WATUPATIA TRAI. Ndani ilielezwa kitaalamu kuwa mpira ulirushwa mbele na Anzuruni kwa uzalendo mkubwa, ila upepo ukauchukua. Mara ya pili, upepo tena. Idara ya Hali ya Hewa ilithibitisha kwamba upepo upo.

Kilichobaki ni Bi Mwamvita na sauti yake. Siku ya tatu, Wakili wa Serikali, Bwana Shemahonge, alinichukua nipige chapa, tukaenda mahabusu. Alimpelekea soda ya baridi na kiti cha kukalia. Mtu mpole sana Bwana Shemahonge, hata watu aliowafunga humwamkia.

"Mama yangu," alisema, "kosa lako linaitwa kuchochea mwendo wa nyuma. Adhabu yake ni miezi minane, haipungui. Lakini sheria ina huruma. Inakataza kukiambia kitu cha *taifa* kirudi nyuma. Ukimwambia adui arudi nyuma si kosa, ni uzalendo. Kwa hiyo nakuuliza taratibu: ulikuwa unawaambia akina nani? Ukisema ulikuwa unawaambia Wapembeni, unatoka leo hii, na Mheshimiwa Waziri atakuvisha nishani."

"Nilimwita Anzuruni kwa jina."

"Pembeni hawakosi Anzuruni wao."

Bi Mwamvita akanywa soda funda moja. "Na zile alama tano?"

"Zinabaki! Nani aziguse? Zimeshaandikwa kwa jina la upepo."

"Na nikisema niliwaambia Nyumbu?"

Bwana Shemahonge akashusha pumzi. "Basi mpira ulirudishwa nyuma kwa makusudi. Trai inafutwa, matokeo yanakuwa sifuri, na wewe unaingia ndani. Mama, nimeambiwa binti yako ana mimba ya miezi minane. Mjukuu wa kwanza, sivyo? Usimkoseshe mtoto bibi kwa ajili ya papai la ngozi."

Bi Mwamvita akaivuta karatasi aliyowekewa atie sahihi kwamba aliwaambia Wapembeni, akaitazama muda mrefu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba moyoni aisaini.

Alasiri akaja Bakalemwa kumwona. Alipita mlangoni kwa ubavu, akachuchumaa sakafuni, jezi yake ikiwa bado imechanika mabegani kwa kuwa fundi alikuwa ndani.

"Mama, sema ni upepo," akamwambia kwa kile kisauti chake. "Sisi tumezoea. Tumeshaambiwa filimbi ni pongezi, tutashindwaje na upepo? Nenda kamshike mjukuu wako."

"Umefanya mazoezi miaka mingapi, wewe?"

"Kumi na mmoja, mama."

"Na trai umeshaweka ngapi?"

Bakalemwa akainamisha kichwa. "Ile tu."

Bi Mwamvita akaomba sindano na uzi kwa askari, akamshonea mabega yote mawili palepale, hajamvua jezi. Alipomaliza akaukata uzi kwa meno, akaikunja ile karatasi ya Bwana Shemahonge, akamrudishia askari bila kuisaini.

* * *

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Mbonea, mtu mwembamba, mkavu, ambaye katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kucheka isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja alikuwa anapiga chafya. Raga hakuwahi kuiona. Bwana Shemahonge alijitahidi mpaka mwisho.

"Mshtakiwa," aliuliza, karibu anambembeleza, "si kweli kwamba siku ile kulikuwa na upepo?"

"Ulikuwepo."

"Na upepo ule ungeweza kuuchukua mpira?"

"Ungeweza." Bi Mwamvita akamgeukia Hakimu. "Mheshimiwa, mimi nimezishona jezi za vijana hawa tangu wengine hawajaota ndevu. Wanakimbia asubuhi kabla ya kwenda vibaruani, wanakimbia jioni wakiwa na njaa, wanafungwa, wanatukanwa, Jumanne wanaanza tena. Upepo haujafanya mazoezi hata siku moja. Niliwaambia Nyumbu warushe nyuma, wakanisikia, wakarusha. Ile trai ni ya kwao."

Bwana Shemahonge akakaa. Aliandika kitu kwenye faili, akakikata, akaandika tena, akakikata.

Sasa, kuna utaratibu mmoja katika mahakama zetu ambao Waziri Kasongoro aliutunga mwenyewe. Hukumu ya kosa la Mwelekeo lazima ilieleze kosa hatua kwa hatua, bila kuruka, ili wananchi wajue barabara kitu gani wasifanye. Na lazima isomwe redioni moja kwa moja, nchi nzima isikie na iogope. Hivyo Hakimu akatuita ofisini kwake, mimi na Bwana Shemahonge, tumweleze kosa lilivyotendeka.

"Nyumbu walikuwa wanaelekea wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Muhuri ukawa Anzuruni, kikombe cha chai kikawa Gervasi, na kwa Bakalemwa tukatumia kitabu cha Sheria za Jamhuri, juzuu ya kwanza mpaka ya nne. Bwana Shemahonge akawa Wapembeni.

"Halafu?"

"Halafu Gervasi akawapita, Mheshimiwa."

"Wote wanne?" Akakisogeza kikombe mwenyewe, polepole, katikati ya vidole vya Bwana Shemahonge. "Halafu?"

"Wakamkamata wawili, akarusha nyuma kwa Bakalemwa."

"Alimwona Bakalemwa anakuja?"

"Hakumwona."

"Sasa alirushaje?"

Nikafikiri. "Alijua atakuwepo tu, Mheshimiwa. Wamecheza pamoja miaka kumi na mmoja."

Hakimu Mbonea akaiweka kalamu chini. "Piga chapa hivyo hivyo," akasema.

* * *

Siku ya hukumu mahakama ilijaa mpaka madirishani, na nje watu walizingira kila duka lenye redio. Bi Mwamvita alisimama kizimbani na kitenge chake cha sikukuu. Binti yake alikaa benchi la mbele, mikono juu ya tumbo, macho mekundu.

Hakimu alianza kwa sauti yake ile ya vumbi. Akasoma jina la mshtakiwa, akasoma kifungu. Kuhusu Mheshimiwa Rais, alisema mahakama imejiridhisha kuwa hakupiga makofi, bali alikuwa anaua mbu, na kwamba mbu wanane kwa dakika ni ushahidi wa afya njema ya kiongozi. Kisha akafika kwenye kosa.

"Dakika ya sitini na tatu," akasoma, "nahodha Anzuruni, akiwa katikati ya uwanja na akikabiliwa na Wapembeni wanne, alisikia sauti ya mshtakiwa. Alirusha mpira nyuma. Kwa makusudi, kwa mikono miwili, kwa ustadi. Gervasi aliupokea akiwa mbioni." Hapo sauti ikaanza kupanda, na sijui kama mwenyewe alijua. "Alimpita wa kwanza. Alimpita wa pili! Wa tatu alimshika jezi, jezi ikachanika, akapita! Wa nne hakumgusa! Wawili wengine wakamwangukia, naye, bila kutazama, akijua tu mwenzake atakuwepo..."

Hakimu alikuwa amesimama, na mahakama nzima imesimama naye. Karani wa masjala alikuwa juu ya benchi.

"...akarusha nyuma, kwa Bakalemwa! Watu watatu mgongoni! Mita kumi! Mita tano! Akavuka mstari, akaubandika chini!"

Kelele iliyotoka mle ndani iling'oa vumbi darini, na nyingine ikaitikia kutoka barabarani, kutoka kila duka, kutoka mitaa ambayo hata haina umeme. Wachezaji walikuwa wamekaa nyuma kabisa. Anzuruni alijifunika uso. Gervasi alikuwa anampiga piga Bakalemwa mgongoni, na Bakalemwa analia waziwazi, mabega ya jezi yakiwa mazima.

Hakimu akajikumbuka, akaketi, akapanga kola. Akasoma yaliyobaki kwa haraka na kwa sauti ndogo. Trai imefutwa. Matokeo ni hamsini na nane kwa sifuri. Mshtakiwa atatumikia kifungo cha miezi minane kuanzia leo. Binti akaangua kilio, na Bi Mwamvita akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, lakini kidevu hakikushuka.

"Mshtakiwa ana la kusema?"

"Nina ombi moja, Mheshimiwa. Kule nyuma walipokaa vijana wangu hakusikiki vizuri. Naomba ile sehemu isomwe tena."

Katika Tangulia jambo lililokwisha kusomwa halisomwi tena, maana kulisoma tena ni kurudi nyuma, na adhabu yake hata hakimu haimwachi. Hakimu Mbonea akamtazama Bwana Shemahonge. Bwana Shemahonge akatazama dari, akatazama viatu vyake, akasimama.

"Upande wa Jamhuri hauna pingamizi," akasema. "Ila unaomba isomwe kwa sauti."

Hakimu akalowesha kidole, akairudisha hukumu ukurasa mmoja nyuma.

"Dakika ya sitini na tatu," akaanza, na safari hii hakuwa na haraka hata kidogo.